Shahada ya Uchumi: Jina Moja, Milango Mbalimbali

Wazee wetu wa milima hii ya Usambara walikuwa na neno moja tu, chuo, kwa mahali pa kusomea Kurani na kwa mahali pa kusomea elimu nyingine kubwa. Mtoto akichukua ubao wake asubuhi husemwa amekwenda chuoni. Na kijana akiteremka Mombo na sanduku lake kwenda Dar es Salaam au Morogoro, naye husemwa amekwenda chuoni. Labda ni kwa sababu hiyo wazazi wa Lushoto hutuletea sisi walimu wa madrasa karatasi za vyuo vikuu, kana kwamba aliyemfundisha mtoto alifu na be hashindwi kuzisoma na hizo. Sisi wenyewe tulisoma chuo cha mkeka na shule ya msingi, tukaishia hapo. Lakini mgeni aliyekuja kwa heshima hafukuzwi mlangoni. Hukaribishwa, hupewa chai, na karatasi ikafunguliwa.

Karatasi iliyotufanya tuandike makala haya ililetwa miaka kadha iliyopita na baba mmoja, mkulima wa kabichi na viazi katika njia ya kwenda Mlalo. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, naye amefaulu vema kuliko kijana ye yote wa kijiji chao mwaka ule. Nia yake ilikuwa moja tu, asome shahada ya uchumi, kwani tangu utoto ameona kabichi za baba yake zikinunuliwa Lukozi kwa bei isiyolipa hata gharama ya mbolea, na zile zile zikiuzwa mjini kwa bei nyingine kabisa, naye hakupata mtu wa kumweleza sababu. Tukaitazama karatasi, tukaona B ya uchumi, B ya historia na C ya jiografia, tukasema mbele ya baba yake, "Alhamdulillahi, huyu amekwisha pata." Neno hilo hatukuwa na haki ya kulisema.

Kijana akaomba shahada ya uchumi katika vyuo vitatu alivyovipenda, na vyote vitatu havikumchukua. Alipokuja kwetu baada ya majibu alikuwa na swali moja.

"Maalim, somo la uchumi nimepata B. Mbona wananikatalia uchumi?"

Hatukuwa na jawabu. Ikatubidi tukae naye, tena na tena, tuusome mwongozo wa udahili mstari kwa mstari, na humo tukakuta lile ambalo mwalimu wake wa kidato cha nne hakumwambia, wala sisi hatukumwambia, kwa kuwa hatukujua. Kijana yule alikuwa amepata F ya hesabu katika kidato cha nne, na katika kidato cha sita lile somo dogo la hesabu liitwalo BAM nalo hakufaulu. Alipokuwa akichagua tahasusi aliuliza shuleni kwao kama iko tofauti baina ya HGE na EGM kwa mtu atakaye uchumi, akaambiwa haipo, kwani zote mbili zina E, na E ndiyo uchumi. Shule hiyo hatuitaji jina, maana kosa lile twaamini hufanywa katika shule nyingi, na nyumbani mwetu pia.

Basi yale tuliyojifunza na kijana yule tumeona tuyaandike, ili nyumba nyingine isiyajue kwa kuchelewa kama tulivyochelewa sisi.

Jambo la kwanza ni kwamba sharti la nchi na sharti la chuo si kitu kimoja. Iko Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, nayo ndiyo iwekayo kipimo cha chini kwa wote. Kwa aliyetoka kidato cha sita kipimo hicho ni kufaulu masomo mawili kwa alama za A hata E, na pointi za masomo hayo mawili zisipungue 4. A huhesabiwa pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kijana wetu kwa masomo yake mawili ya uchumi na historia alikuwa na pointi 8, maradufu ya zile zinazotakiwa. Ndiyo maana tulidanganyika. Tuliliona sharti la nchi, tukadhani mlango wote umefunguka.

Kumbe juu ya kipimo hicho kila chuo, na katika chuo kimoja kila shahada, yaweza kuongeza masharti yake. Masomo yale mawili lazima yawe yepi? Je, uchumi ni wa lazima miongoni mwake, au yatosha biashara na uhasibu? Asiyesoma hesabu za juu ataonesha nini badala yake? Maswali haya hujibiwa mbalimbali, na majibu huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume, shahada kwa shahada. Mwongozo wa mwaka uliopita si hoja kwa mwaka huu, kwani vyuo hubadili maneno yake, na neno moja likibadilika hapo kijana huingia au hubaki nje.

Ziko shahada za uchumi ambazo hazimtazami mtu asiyefaulu hesabu za juu za kidato cha sita, hasa zile ambazo uchumi umechanganywa na takwimu. Kwa hizo EGM, yaani uchumi, jiografia na hesabu, ndiyo njia iliyonyoka, na mwenye HGE asijisumbue. Ziko nyingine zimtakazo mwanafunzi awe amefaulu uchumi na somo jingine, lakini huweka chini yake mstari mdogo ambao macho ya haraka huuruka: kwamba ikiwa hakusoma hesabu za juu, basi awe amefaulu ile BAM, au awe na alama fulani ya hesabu ya kidato cha nne. Mstari huo ndio uliomwangusha kijana wetu. Pointi zake 8 hazikuweza kuuziba. Kisha zipo shahada zilizo karibu na uchumi, za mipango, za maendeleo ya vijijini, za ushirika, ambazo mara nyingi mlango wake ni mpana zaidi na hupokea masomo mengi ya sanaa na biashara.

Waweza kuona, ewe mzazi, kwamba kitu kinachoitenga milango hii ni hesabu. Na hesabu ndilo somo linaloanguka zaidi nchini. Katika miaka hii ya karibuni, watahiniwa wa kidato cha nne wanaofaulu hesabu hawafiki theluthi moja ya wote wanaofanya mtihani huo. Maana yake, katika kila watoto watatu wanaotoka shuleni, wawili au zaidi wameshafungiwa baadhi ya milango ya uchumi kabla hawajajua kama watautaka.

Jambo la pili ni lile linalofundishwa ndani baada ya kuingia. Hapa nchini shahada ya uchumi ni ya miaka mitatu, na takriban kila chuo huanza na mambo yale yale: uchumi wa mtu mmoja, nyumba na kampuni, uchumi wa nchi nzima, ndani yake fedha, ajira na kodi, takwimu, na hesabu za kumwezesha mwanafunzi kuyafuata hayo. Baadaye huja elimu ya ekonometria, ambayo ni kuyapima mambo ya uchumi kwa takwimu ili ijulikane kama lisemwalo lina ushahidi. Lakini baada ya shina hilo matawi huachana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya sanaa katika uchumi. Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa na kikawa chuo kikuu mwaka 2001, hutoa shahada ya sayansi katika uchumi, na humo mwanafunzi aweza kuelekea upangaji na usimamizi wa miradi, au mambo ya idadi ya watu na maendeleo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichosimama peke yake tangu mwaka 1984, kinafundisha uchumi wa kilimo pamoja na biashara ya mazao.

Tulipomsomea kijana habari za Sokoine alikunja uso. "Maalim, mimi nakimbia jembe, nikalisome tena?" Tukacheka, lakini neno lake lilituuma. Swali lililomtoa nyumbani lilikuwa ni bei ya kabichi Lukozi. Kwa swali hilo hakuna chuo kilicho karibu naye kama kile. Tena shahada hiyo imekuwa ikiwatazama hata waliosoma masomo ya sayansi na kilimo, wala si wenye tahasusi za uchumi peke yao. Vijana wa Usambara, waliolelewa kwa viazi, karoti, nyanya na matunda damu, huliona neno kilimo katika jina la shahada wakalipita kama wapitavyo shamba la jirani. Sisi twaona ni hasara.

Watu hutuuliza sana habari ya zile herufi za Kiingereza, BA na BSc, kwamba ya kwanza ni sanaa na ya pili ni sayansi. Sanaa hapa si uchoraji wala ngoma. Ni jina la zamani la elimu za mambo ya wanadamu. Na wengi hufikiri kwamba BA ya uchumi haina hesabu, na BSc ndiyo yenye hesabu. Si kweli hata kidogo. Cambridge kule Uingereza, ambako mtihani wa peke yake wa uchumi ulianzishwa mwaka 1903 kwa juhudi za Alfred Marshall, hutoa BA, na haimpokei mtu asiyesoma hesabu katika mitihani yake ya juu. Chuo cha Uchumi cha London hutoa BSc, nacho pia chataka hesabu hizo. Oxford imekuwa tangu mwaka 1920 na shahada moja inayochanganya falsafa, siasa na uchumi, ambamo hesabu husifiwa bila ya kulazimishwa, na baada ya mwaka wa kwanza mwanafunzi aweza kuliacha moja katika masomo hayo matatu. Kwa hiyo herufi hizo hufuata desturi ya chuo, na desturi ya chuo ina historia yake. Anayetaka kujua ugumu wa shahada na asome orodha ya masomo yake, herufi aziache.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Mwalimu Julius Nyerere. Alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na shahada ya MA. Leo kijana akisikia MA hudhani ni shahada ya pili, inayofuata baada ya BA. Lakini katika vyuo vikongwe vya Uskoti MA ndiyo shahada ya kwanza ya sanaa, na ni hivyo mpaka leo. Katika masomo yake kule ulikuwamo uchumi wa siasa, pamoja na historia, falsafa ya maadili na elimu ya jamii za watu. Hakuwa mchumi kwa jina la shahada yake. Nchi nzima ilikuja kuishi chini ya fikira zake za uchumi.

Na masharti ya kuingia chuoni nayo hayakuwa siku zote ni alama. Wale wenzetu walio wakubwa kuliko sisi wanalikumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974. Kuanzia hapo aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza aende akafanye kazi, na chama na wakubwa zake wa kazi wamshuhudie, ndipo aombe chuo kikuu. Cheti kizuri peke yake hakikutosha. Mtu mwenyewe alipimwa. Sharti hilo baadaye likalegezwa na kuondoka. Hatusemi lirudi, kwani ushuhuda wa wakubwa wa kazi nao una mambo yake. Lakini lilikuwa na fikira ndani yake, ya kwamba msomi wa uchumi aijue kazi kabla ya kuipima.

Kwa jirani zetu mambo ni mbali tena. Makerere kule Uganda wana shahada ya sayansi ya uchumi wa vipimo na takwimu, ambayo hesabu za kidato cha sita ni za lazima kwake, na kando yake ipo shahada ya sanaa ya uchumi yenye mlango wake mwingine. Kenya, kijana aliyemaliza sekondari ya miaka minne hutakiwa awe na wastani wa C+ ndipo atazamwe na chuo kikuu, kisha shahada za uchumi hutaja alama ya hesabu, na masomo huchukua miaka minne. Marekani desturi yao ni ya ajabu kwetu: aghalabu mwanafunzi hupokewa na chuo kwanza, na somo lake kuu hulitangaza baadaye, mara nyingi katika mwaka wa pili. Kwa hiyo wao sharti la hesabu hawaliweki mlangoni. Huliweka ndani, katika masomo ambayo lazima ayashinde kabla hawajampa cheti cha uchumi. Na viko vyuo vyenye njia mbili chini ya paa moja. MIT, ambacho ni chuo cha ufundi na sayansi, kina shahada ya uchumi na nyingine ya uchumi wa kihesabu. Twayataja haya kwa sababu kijana wa Lushoto aliye na ndugu Muscat au London huletewa maneno ya nchi ile, akadhani ndiyo ya hapa.

Tumekwisha kuisifu hesabu sana, na ni haki tuseme la upande wa pili. Katika mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta katika mashamba yao ya mlimani. Wataalamu walikuwa wamepima mteremko, mvua na udongo unaochukuliwa na maji, na vipimo vyao havikuwa vya uongo. Udongo wetu ulikuwa unakwisha kweli. Lililosahauliwa ni kazi. Ni nani atakayeyachimba matuta hayo mwaka hata mwaka, na kwa siku ngapi, na atakula nini siku hizo? Kazi hiyo iliwaangukia wakulima, wanawake wengi miongoni mwao, nao hawakulipwa kitu. Wazee wetu walipinga, wengine wakaadhibiwa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mama zetu walitusimulia habari za matuta kwa sauti ile ile waliyosimulia habari za njaa.

Basi tunapoona chuo kimoja kinamtaka mwanafunzi wa uchumi asome pia historia ya uchumi na maisha ya vijijini, na kingine kinamjaza hesabu tupu, hatuioni tofauti hiyo kuwa ndogo. Yule wa kwanza aweza kuuliza habari za matuta lakini asiweze kuthibitisha. Yule wa pili aweza kuthibitisha asilolijua. Laiti tungekuwa na uwezo tungewapeleka wote wawili Mtae, wakae msimu mmoja wa mvua.

Liko jambo jingine linalozihusu nyumba zetu za Kiislamu hasa, nalo halina budi kusemwa waziwazi. Si kila kijana hupitia kidato cha sita. Wengi huenda kwanza kusoma stashahada, kisha kwa stashahada yenye wastani usiopungua 3.0 huweza kuomba shahada, na vyuo kadha huipokea njia hiyo kwa uchumi pia, ikiwa stashahada ni ya fani iliyo karibu nao. Njia hii ni halali na nzuri. Lakini ili aingie stashahada hutakiwa awe amefaulu masomo manne katika kidato cha nne, na imeandikwa kwamba masomo hayo manne yasiwe ya dini. Mtoto mwenye alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu na masomo mengine matatu, kwa hesabu ya nyumbani ana manne. Kwa hesabu ya chuo ana matatu. Masomo ya Biblia nayo huhesabiwa hivyo hivyo, kwa hiyo asiseme mtu kwamba sisi ndio tuliolengwa. Hatumwambii mtoto aliache somo la dini, la hasha. Mwalimu wa madrasa hawezi kusema hivyo. Twasema asiliweke kuwa nguzo ya nne ya nyumba ambayo mwenye nyumba hataihesabu.

Na juu ya hesabu, twastaajabu jinsi watoto wetu walivyofundishwa kuiogopa kana kwamba ni kitu kilichokuja na meli. Kijana aliyekaa mbele yetu akasoma mirathi amekwisha fanya hesabu za sehemu ngumu kuliko nyingi za shuleni. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumni. Inabaki sehemu saba katika nane, nayo hugawanywa mafungu matano, kila mwana mawili na binti moja. Ili mali igawanyike bila ya kuvunjavunja, huifanya yote mafungu 40: mke 5, kila mwana 14, binti 7. Yule Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, aliyeandika katika karne ya tisa kitabu ambacho jina la aljebra limetokana nacho, sehemu kubwa ya kitabu chake aliijaza mambo ya wasia na mirathi ya namna hii hii. Tuliposema haya darasani mtoto mmoja alituuliza kama al-Khwarizmi naye alipata F kidato cha nne. Tulimtoa nje kidogo, kisha tukamrudisha.

Mwaka huu alitujia mama mmoja mjane wa upande wa Soni, pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Walipiga hodi baada ya swala ya alasiri.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani."

Binti alikuwa na C ya hesabu, B ya jiografia na B ya historia. Alitaka uchumi. Ami yake amemwambia achague HGE, kwa kuwa EGM ni ya wavulana, tena hesabu za juu zitamwangusha arudi nyumbani mikono mitupu. Mara hii hatukusema "amekwisha pata." Tulifungua mwongozo, tukamwekea mbele milango ile mmoja mmoja. Tukamwambia kwamba kwa HGE, akiishika BAM vizuri, na kwa C yake ya kidato cha nne, milango kadha ingali wazi. Na kwa EGM mingi zaidi ingefunguka, hata ile ya takwimu, lakini akianguka hesabu za juu alama yake moja itakuwa imepotea, na hofu ya ami si upuuzi. Tukamwambia pia kwamba tahasusi siku hizi si zile chache za zamani. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza nyingi mpya, hata jumla yake ikawa 65, ndani yake zikiwamo zinazoweka uchumi pamoja na hesabu na kompyuta, ingawa si kila shule inazo, na mlimani huku ni chache.

Mama yake alikaa kimya muda wote, akishika ncha ya mtandio wake. Kisha akauliza, "Maalim, akichagua sasa, aweza kubadili?"

Tukamjibu kwamba baada ya matokeo hufunguliwa muda wa kubadili tahasusi katika mitambo ya serikali, nao ni mfupi. Baada ya hapo humfuata mtoto miaka miwili.

"Basi hatuchagui leo," akasema mama. "Kwanza nimpate wa kumfundisha hizo hesabu. Nikimpata, EGM. Nikimkosa, HGE."

Neno hili hatukulikuta katika mwongozo wo wote.

Tukamwendea mwalimu mmoja wa hesabu wa sekondari, jirani yetu, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Akakubali kuja madrasani kwetu kila Jumamosi baada ya alasiri, wasichana wakae upande wao na mama mmoja awepo. Tukamwita na kijana wa kabichi. Miaka yote hii amekuwa akipakia magari Lukozi, na sasa amejiandikisha kuifanya tena hesabu ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote, na siku ya kwanza aliona haya, akakaa karibu na mlango.

Jumamosi iliyopita walikuwa saba. Sisi tulikaa nyuma yao kwenye mkeka na daftari jipya. Swali la kwanza ubaoni lilikuwa la sehemu, tukalijua kabla ya watoto, tukanyamaza kwa adabu. La pili lilikuwa na herufi x pande zote mbili, na hilo tulilinakili tu.